Tundu la kasuku: anza na kinyesi, ndege afuate

SWALI: Mtaalamu shikamoo. Nina kasuku wa kijivu, ana miaka minne. Tundu nililonalo ni lile la duara lenye paa la kuba, zuri kwa macho ila kulisafisha ni adhabu, Jumamosi nzima naparua kwa kisu na bado linanuka, na ukutani kumejaa madoa. Nimempata fundi wa kuchomelea, nataka anitengenezee jipya. Nimwambie vipimo gani, chuma gani, au nitumie mbao nipunguze gharama? Na nifanyeje liwe rahisi kusafisha?

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole sana na hizo Jumamosi. Swali lako nalipenda kwa sababu umeuliza kabla hujampa fundi hela, wengi wananijia tundu likiwa limeshachomelewa na hapo hamna cha kufanya zaidi ya kukata upya.

Watu wengi wakienda kwa fundi wanaanza na sura, paa liweje, rangi gani, maua ya chuma yakae wapi. Mi nakuomba uanzie chini, kwenye kinyesi. Jiulize kinadondokea wapi, kinapita wapi, kinatua wapi, na mkono wako unafikaje hapo. Ukishajibu hayo manne tundu limeshajichora lenyewe, sura itafuata.

Kabla ya kwenda kwa fundi fanya hivi: leo jioni toa kila kitu kwenye sakafu ya tundu la zamani, tandika karatasi nyeupe chini, na nyingine kubwa kuzunguka tundu kwa nje kama nusu mita kila upande, afu usiguse mpaka kesho jioni. Ukija kuangalia utaona ramani. Chini ya kijiti anacholalia kutakuwa na rundo moja kubwa, maana kasuku wengi hujizuia usiku, wakiamka wanashusha yote kwa mpigo. Chini ya bakuli utakuta maganda na matunda yaliyotafunwa nusu yakatupwa. Kwa nje kuna vumbi jeupe laini kama unga wa poda, hilo ni la manyoya, kasuku wa kijivu ana vumbi jingi sana kuliko kasuku wengi. Na upande ule anaogeuzia mkia mara kwa mara utaona michirizi, hapo ndo pana madoa ya ukutani. Piga picha hiyo karatasi, utaihitaji nikifika kwenye vijiti.

Sasa umbo. Tundu la duara achana nalo kabisa. Pale juu kwenye kuba nyaya zinakutana na kubanana, ukucha na kidole vinaweza kunasa, uchafu unaganda pale na brashi haiingii, na ndege mwenyewe hana kona ya kujisikia salama. Tengeneza mstatili, pande zilizonyooka, paa bapa. Kwa kasuku wa kijivu mmoja upana usipungue sentimita 90, kina 60, na kimo cha sehemu anayoishi 120. Ukiwa na nafasi ya kuongeza, ongeza upana kwanza, ndege anaruka kwenda mbele, hapai kama helikopta. Kina cha 60 nimekitaja kwa sababu mbili: mabawa yake yakikunjuliwa yanafika karibu nusu mita, kwa hiyo anajinyoosha bila kugonga, afu mkono wako ukiingia kwa mlango wa mbele unagusa ukuta wa nyuma. Ukizidisha kina hicho sana tundu lazima liwe la wewe kuingia mzima mzima, la sivyo kutakuwa na kona ya nyuma ambayo haisafishwi na utaanza kujidanganya kwamba haipo.

Nafasi kati ya nondo na nondo: kwa wa kijivu kaa kati ya sentimita 2 na 2.5, kanuni ni kwamba kichwa kisipite, kikipita kitarudi kwa shida au hakirudi. Kwa wale kasuku wadogo wanaoitwa baji (budgie) haitakiwi kuzidi 1.2, nalisema hili kwa sababu watu wanarithishana matundu bila kupima. Unene wa nondo milimita 3 hadi 4, mdomo wa huyu ndege unavunja maganda magumu, waya mwembamba anaukunja. Nondo za kulala ziwe angalau pande mbili ili apande, hizo nyingine zikisimama wima ni vizuri kwako maana kitambaa kinateleza juu mpaka chini mara moja na uchafu haupati pa kukalia.

Na sasa sakafu. Hapa nitakaa sana kwa sababu hapa ndo kazi yote ilipo.

Unataka vitu viwili vinavyochomoka, kila kimoja peke yake: wavu wa sakafu juu, trei chini yake. Wavu unazuia kasuku asitembee kwenye kinyesi chake wala asirudie chakula kilichodondoka kikachacha. Acha sentimita 8 hadi 10 kati ya wavu na trei, ikiwa chini ya hapo atapitisha mdomo avute karatasi juu, na akishaijua hiyo ni mchezo wa kila siku. Wavu nao uchomoke kwa kuuvuta kama droo, usikubali fundi auchomelee moja kwa moja hata akikwambia ndo imara zaidi. Wavu uliochomelewa utausugua ukiwa umepiga magoti na mkono umeingia kwenye tundu mpaka begani, wavu unaochomoka unaupeleka bombani, unamwagia maji, unauanika.

Trei sasa. Nimeona matundu ya gharama kubwa yenye trei mbaya kabisa, na kosa ni lile lile: trei ni ndogo kuliko tundu. Fundi anachomelea fremu ya chini kwa anglo, yaani chuma chenye umbo la L, ule mdomo wa anglo unaingia ndani sentimita mbili au tatu kuzunguka pande zote, na trei inakaa katikati. Basi kinyesi cha pembeni hakifiki kwenye trei, kinatua kwenye ule mdomo, kinakauka, kinapigwa na maji ya kunywa, kinakauka tena, baada ya miezi miwili unakuta tabaka la kijivu gumu kama saruji, ukilibandua kwa kisu linatoka na rangi na chini yake chuma kimeshaanza kutu. Naamini ndo hilo unaloparua wewe. Kwa hiyo mwambie fundi neno hili hili: hakuna chuma chochote kinachoingia ndani ya mstari wa ukuta juu ya trei. Trei iwe pana kuliko sakafu, ipite nje ya ukuta angalau sentimita 2 kila upande, na reli zinazoibeba zikae kwa nje chini yake.

Kina cha trei sentimita 5 kinatosha. Kona zake zikunjwe ziwe mviringo kidogo badala ya kukatwa na kuchomelewa, kama lazima achomelee basi asage kwa grainda mpaka kidole kipite bila kukwama, maana kila kijishimo cha weldi ni nyumba ya uchafu. Pale trei inapotokea weka kibapa cha chuma chenye bawaba kinachodondoka chenyewe kuziba uwazi, wavu ukiwa umetoka na trei imetoka kasuku asipate njia. Na kama bajeti inaruhusu tengeneza trei mbili zinazolingana, moja ndani moja inakauka, hicho ni kitu kidogo ila kinakuondolea ile haraka ya kurudisha trei ikiwa na unyevu, na unyevu ndo unaoleta ukungu.

Juu ya trei tandika karatasi za kawaida, gazeti linafaa, zile zinazong'aa hazinyonyi maji. Maranda ya mbao, mabunzi ya mahindi yaliyosagwa, sitaki hata kuyaona kwenye tundu. Yanapendeza siku ya kwanza, yanaficha kinyesi, yanashika unyevu, ukungu unaota humo humo na mapafu ya ndege hayavumilii mbegu za ukungu. Karatasi inakupa faida nyingine kubwa: inakuonesha afya ya ndege wako kila asubuhi. Kinyesi cha kawaida kina sehemu tatu, kuna ile ya kijani au kahawia, kuna nyeupe kama chokaa, na kuna maji maji safi pembeni. Siku rangi ikibadilika bila yeye kubadilisha chakula, au maji yakizidi sana siku mbili mfululizo, mpeleke kwa daktari wa mifugo mwenye uzoefu na ndege, usisubiri avimbishe manyoya, kasuku huficha ugonjwa mpaka azidiwe. Kuna watu wanatandika karatasi saba kwa mpigo na kutoa moja kila siku, kwa ndege wadogo inafanya kazi, kwa wa kijivu maji yanapenya mpaka karatasi ya tatu, kwa hiyo badilisha zote kila siku.

Kuhusu mbao, jibu langu ni hapana, na nalijua kwa mikono yangu. Tundu la kwanza nililojenga lilikuwa na fremu ya mbao, nikaipaka vanishi, nikafurahi nayo. Mwezi wa tatu kasuku alishatafuna kona mbili mpaka vanishi imeisha, mbao ikawa inanyonya mkojo na maji ya kuogea, harufu haikutoka hata kwa sabuni. Nilipokuja kuivunja nikakuta ndani ya maungio mbao imekuwa nyeusi na laini unaweza kuichimba kwa ukucha, na ndege alikuwa analala nusu mita kutoka hapo kila usiku. Sijarudia tena. Mbao ziwe vijiti na vitu vya kutafuna tu, vile unavyotupa na kuweka vingine.

Chuma bora ni stenlesi, namba 304. Haihitaji rangi, hakuna cha kubanduka, blichi ukiisuuza vizuri haiiharibu, na sumaku ikinata juu yake kwa nguvu jua umeuziwa kitu kingine. Ni ghali, najua. Kama haiwezekani kwa tundu zima basi jitahidi wavu wa sakafu, trei na mabakuli viwe stenlesi, hivyo ndivyo vinavyokula kinyesi na maji kila siku, halafu mwili wa tundu uwe chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya unga na kuchomwa kwenye tanuri, na uulize wazi kama rangi hiyo haina madini ya risasi wala zinki. Rangi ya kupuliza ya kopo hapana, mdomo wa kasuku unaibandua kwa wiki moja na anaimeza.

Waya wa mabati, yaani ule uliopakwa zinki, ndo fundi atakaokupendekeza kwanza kwa sababu upo kila mahali. Dada yangu, zinki inaua ndege. Kasuku anautafuna waya siku nzima, anameza vipande vidogo visivyoonekana, baadaye unaona analegea, anatapika, anakunywa maji kupita kiasi, na wengine hawafiki kwa daktari. Watu wanausugua kwa siki na brashi ngumu ili kutoa ile poda nyeupe na vitone vilivyoning'inia kwenye maungio, ni kweli inapunguza, lakini haimalizi, na kwa ndege anayetafuna kama wa kijivu mimi siutumii. Tena fundi akichomelea mabati moshi wake unamdhuru yeye mwenyewe na pale alipochomelea zinki inaungua panashika kutu mapema, kwa hiyo hupati hata huo uimara.

Mlango mkuu uwe mkubwa kuliko unavyofikiria. Kipimo changu ni mikono miwili iingie pamoja na kijiti kirefu kuliko vyote kitoke bila kukikunja, kwa hiyo sentimita 40 kwa 50 si nyingi. Ufunguke kwa bawaba za pembeni, ile milango ya kunyanyua juu siipendi, kasuku anainyanyua kwa mdomo inamwangukia shingoni. Na komeo lisiwe la kusukuma tu. Nilishakaa mbele ya kasuku mmoja wa kijivu nikamwangalia anavyohangaika na komeo la kutelezesha, hakulivuta ovyo, aliligusa kwa ulimi kwanza, akazungusha kile kipini cha komeo mpaka kikatoka kwenye tobo lake, akatulia kama anasikiliza, afu akasukuma mlango kwa kichwa, haikufika dakika mbili. Weka karabina yenye skrubu, yaani pete ya chuma inayofungwa kwa kuzungusha, au boliti yenye nati upande wa nje. Vimilango vya mabakuli navyo vina haja hiyo hiyo, watu wanavisahau.

Mabakuli yawe matatu: maji, chakula kikavu, matunda na mboga. Yote ya stenlesi, yanakaa kwenye pete za chuma, na kila moja lina kimlango chake cha nje ili ubadilishe bila kuingiza mkono kwake, siku ana hasira utanishukuru. Sasa chukua ile picha ya karatasi. Rundo kubwa lilipo, hapo juu ndo kijiti cha kulalia, basi chini ya mstari huo kusiwe na bakuli, kijiti kingine, wala mchezo wowote, kinyesi kitoke mkiani kifike kwenye trei bila kugusa kitu. Hii peke yake inakupunguzia kama nusu ya kusugua. Mabakuli yapeleke upande wa pili, yakae juu kiasi na kijiti kifupi mbele yake, siyo juu yake.

Vijiti vitatu au vinne vinatosha, usimjazie akakosa pa kunyoosha bawa. Unene utofautiane, kati ya sentimita 2.5 na 4 hivi, akikishika mguu uzunguke sehemu kubwa lakini kucha zisikutane. Matawi halisi ni bora kuliko fimbo zilizochongwa sawa sawa, miguu inafanya mazoezi na haipati vidonda vya unyayo, mpera unafaa sana, mparachichi usiuguse, una sumu kwa ndege. Vile vya kubandikwa msasa vinachubua nyayo. Kwa usafi kitu muhimu ni namna kinavyofungwa: boliti upande mmoja tu na nati ya masikio ya kukaza kwa vidole, bila spana. Kijiti kinachohitaji spana hakitolewi, naongea kwa uzoefu. Kuwa na seti mbili, moja iko ndani, nyingine imesuguliwa kwa maji ya moto inapigwa jua.

Madoa ya ukutani dawa yake ni mbili. Ya kwanza ni kola, bati pana la stenlesi au lenye rangi ya tanuri linalozunguka tundu kwa nje usawa wa wavu, limeinama kurudisha vitu ndani ya trei, lining'inie kwa ndoano ili lioshwe. Ya pili ni vioo vya akriliki, yaani plastiki ngumu angavu, kwa nje ya pande tatu, nusu ya chini tu, navyo vya kuning'iniza, hewa ipite juu. Usizibe pande zote ndege akabaki kama yuko kwenye chupa. Tundu lenyewe weka upande mmoja ukiangalia ukuta, anatulia zaidi, ila liwe na magurudumu manne na mawili yana breki ili ulisogeze ufagie nyuma. Na lisikae jikoni wala karibu nako, sufuria zisizogandisha chakula zikipata moto kupita kiasi hutoa moshi usioonekana unaoua ndege kwa dakika chache.

Ukishakuwa na tundu la hivyo kazi inakuwa hivi. Kila siku karatasi na mabakuli, dakika kumi. Kila wiki wavu, trei na vijiti vinatoka vinaoshwa kwa maji moto na sabuni, kuta zinapanguswa. Kila mwezi ndege anahamia kwenye kitundu kidogo chumba kingine, nawe unaosha lote, kwanza sabuni, maana dawa haiui kitu chini ya uchafu, afu blichi ya kawaida ya nyumbani mililita 30 kwa lita moja ya maji, iache dakika kumi, suuza mpaka harufu iishe, kausha kabisa ndo arudi. Usichanganye blichi na siki wala dawa yenye amonia, hiyo hewa inadhuru wewe kabla ya ndege.

Na tafadhali acha kuparua kavu. Nyunyizia maji kwanza kinyesi kilainike, vaa barakoa, kisha futa. Kasuku anaweza kubeba bakteria anaitwa Chlamydia psittaci hata akionekana mzima, na binadamu humpata kwa kuvuta vumbi la kinyesi kikavu, inaanza kama mafua makali ikaishia kwenye mapafu. Hizo Jumamosi za kisu zimenitia wasiwasi kweli, kama una kikohozi au homa isiyoeleweka mwambie daktari kwamba unafuga kasuku.

Siku ya kulipokea tundu kabla ya kummalizia fundi hela yake, vuta trei kwa mkono mmoja uone kama inatoka bila kukwama, pitisha kitambaa laini kwenye maungio yote, kikinasa uzi arudie kusaga hapo. Afu mwaga lita moja ya maji juu ya tundu kama mvua, subiri dakika tano, uchungulie maji yamebaki wapi nje ya trei. Kila palipobaki dimbwi ndipo kinyesi kitakapokaa, mwonyeshe kwa kidole apatoboe au apasage.

Usimhamishe ndege siku hiyo hiyo. Liweke tundu jipya pembeni ya la zamani kama wiki, mlango wazi, na kijiti chake cha kulalia alichokizoea kihamishie humo pamoja na bakuli lake la matunda, akianza kuingia mwenyewe kula ndo ulitoe lile la duara.